Shati Jeupe la Mahabusu

Asubuhi ile niliondoka Igoma, pembeni ya jiji la Mwanza, kama ninavyoondoka kila mahali. Nilifunga begi, nikamshukuru fundi makenika aliyekuwa ananiacha nilale kwenye gereji yake, nikaenda barabarani, nikasimama. Upande mmoja ulielekea mjini, na mjini nilishapamaliza. Nikashika upande wa Musoma.

Sikuwa na mpango, na sikuona ubaya wake. Shule niliacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Lilipita lori la wachimba visima, nikataka kujua maji yako chini kiasi gani, na nilipopata jibu wenzangu walikuwa wameshafanya mtihani wa darasa la saba. Tangu hapo nimeanika dagaa visiwani, nimefyatua tofali Misungwi, nimelinda shamba la tikiti lisilokuwa na tikiti. Sina cheti cha kitu chochote. Hata cha kuzaliwa nasikia kilikuwepo, ila panya wakakiwahi.

Kisesa niliacha lami nikakata kuelekea Bujora. Pembeni ya njia nikamkuta fundi anawamba ngozi kwenye ngoma kubwa, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa karibu. Nikasimama nikaangalia. Nadhani niliangalia saa nzima, na pengine zaidi. Bahati mbaya nilikuwa nimeegemea ukuta wa duka lililovunjwa wiki ile ile, na mimi sikujua. Wakaja mgambo wawili.

"Wewe, unatoka wapi?"

"Igoma."

"Unaenda wapi?"

"Sijajua bado."

Wakatazamana.

"Hapa unafanya nini?"

"Naangalia ngoma inavyowambwa. Hivi kaka, mnajua kwa nini anaanza kuvuta upande ule kabla ya huu?"

"Unamsikia?" mmoja akamwambia mwenzake. "Hana anakoenda, hana anachofanya, halafu maswali anauliza yeye."

Fundi wa ngoma akasema mimi ni mtu mwema, ila nimemchosha kwa maswali. Ushahidi huo haukunisaidia.

Mahakamani nikasomewa kwamba nazurura bila kazi inayoeleweka wala makazi maalumu. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mpole, mwenye mafaili mengi. Akaniambia dhamana yangu iko wazi. Nikamshukuru sana, nikainama kuokota begi. Askari akanishika bega akanifafanulia: wazi maana yake nilete wadhamini wawili, kila mmoja na barua ya serikali ya mtaa anakokaa.

Nikamtumia ujumbe fundi wangu wa Igoma. Akarudisha salamu na pole nyingi. Barua asingeweza kuiomba, maana gereji yake aliijenga kwenye hifadhi ya barabara, na miaka yote alikuwa anaiomba serikali ya mtaa jambo moja tu, isimkumbuke. Watu wengine ninaofahamiana nao ni wa aina hiyo hiyo. Kwa hiyo nikashtakiwa kwa kukosa makazi, na kwa kukosa makazi nikakosa dhamana, na kwa kukosa dhamana nikapewa makazi. Nikaenda gerezani kama mahabusu.

Sitasimulia kunguni, wanajulikana. Nitasimulia watu watatu. Wa kwanza ni mzee wa Kihaya, zamani karani wa ghala la kahawa, ambaye kesi yake ilikuwa imeahirishwa mara nyingi hadi akajua siku za likizo za mwendesha mashtaka. Kila akirudi mahakamani tulimuuliza, "Mzee, leo wamesemaje?" na yeye, huku akivua viatu taratibu, alijibu, "Upelelezi haujakamilika." Alikuwa na shati moja jeupe, alilolikunja chini ya godoro lijinyooshe, akilivaa siku za mahakama tu. Wa pili ni jamaa wa ng'ombe, mtu wa makamo mwenye mwanya, aliyedaiwa kuiba ng'ombe mmoja Misungwi. Wa tatu ni nyapara wetu, mfungwa wa miaka saba mwenye sauti ya kuamsha wafu, aliyekuwa anatupanga kwenye foleni ya uji.

Siku moja tukatangaziwa kwamba wanakuja watu wa kuandikisha wapiga kura. Wataandikwa mahabusu wote wanaotaka, na wafungwa ambao kifungo chao hakizidi miezi sita. Pakalipuka mabishano.

"Ni mtego," akasema jamaa wa ng'ombe. "Wanataka vidole vyetu. Mimi kesi yangu ni ya ng'ombe mmoja. Nikiweka vidole kwenye ile mashine, vitafumua zizi zima."

"Kumbe liko zizi zima?" nyapara akauliza.

"Nasema mfano!"

Mzee wa Kihaya akakohoa. Akikohoa vile tulijua anataka kuhutubia.

"Vijana. Mahabusu ni mtuhumiwa. Hajatiwa hatiani. Ni raia kamili, ila mlango wake unafunguliwa na mtu mwingine. Sheria haijakunyang'anya kura yako, imekuchelewesha tu kufika nyumbani. Na vidole vinavyochukuliwa pale ni vya mpiga kura."

"Si ni vidole vile vile, mzee?"

"Vidole vile vile, kazi tofauti. Hata mdomo unaokunywa uji ndio huo huo unaodanganya mahakama."

Mimi nilikuwa nimeshasimama kwenye foleni. Miaka yangu yote ya utu uzima sijawahi kupiga kura. Kila wanapoandikisha nilikuwa njiani, na kila wanapopiga nilikuwa kisiwani. Nimetembea kwa miguu kata nyingi kuliko diwani yeyote. Najua visima gani vimekauka na madaraja gani yamebebwa na maji, na sijawahi hata mara moja kuulizwa maoni.

Tatizo likawa picha. Wengi wetu tuliingia na nguo tulizokamatwa nazo, na baada ya wiki kadhaa zilikuwa hazitamaniki. Jamaa wa ng'ombe alikuwa na fulana yenye tundu kifuani la ukubwa wa sahani. Mzee wa Kihaya akatutazama, akavuta pumzi kama mtu anayeuza shamba la baba yake, akainua godoro akatoa lile shati jeupe.

"Mmoja mmoja," akasema. "Atakayelitia doa nitamshtaki, na mimi upelelezi wangu utakamilika leo leo."

Basi likaanza kuzunguka. Nyapara akasimama mlangoni, anamvua aliyetoka, anamvika anayeingia, anafunga vifungo, anafuta nyuso kwa kiganja.

"Kola! Kidevu juu! Usikunje uso, hii ni picha ya kura, si ya polisi!"

Wanene halikuwafunga, likaachwa wazi kifuani. Wembamba liliwaning'inia, likabanwa kwa nyuma na kibanio cha nguo. Kola ilikuwa imepinda upande wa kushoto, na nyapara alivyozidi kuinyoosha ndivyo ilivyozidi kupinda. Hata jamaa wa ng'ombe mwishowe akaingia, mikono mfukoni mpaka dakika ya mwisho, kama anavificha vidole.

Mwandikishaji, dada mmoja mwenye subira, hakuuliza kitu hadi mtu wa kumi na mbili. Ndipo akainua macho kwenye mashine. "Hivi ninyi humu mna shati moja tu?"

"Ndiyo, dada," nyapara akajibu. "Ila watu ni tofauti."

Tulipokwisha wote, akamwambia nyapara, "Na wewe, kaka, njoo."

"Mimi ni miaka saba, dada."

Dada akaangalia karatasi yake ya maelekezo, kisha akaangalia chini. Nyapara alikuwa tayari ameanza kulikunja shati, mkono juu ya mkono, kola ndani. Akamrudishia mzee wa Kihaya. "Limenyonya jasho la wapiga kura wote hao, mzee. Lifue." Halafu akaenda kupanga foleni ya uji, na siku ile hakupiga kelele.

Kadi niliipokea kwa mikono miwili. Jina langu lilikuwa limeandikwa vizuri, lote, na uso wangu ulikuwa juu ya shati jeupe kama uso wa mtu mwenye ofisi. Ilikuwa karatasi ya kwanza maishani mwangu kusema kwamba nipo. Nikaitia kwenye soksi, mahali salama kuliko pote mle ndani.

Haikupita muda jamaa wa ng'ombe akaenda mahakamani hakurudi, kisha nami nikaitwa. Mgambo hawakutokea, na duka lile lilikuwa limeshapata mwizi wake, mpwa wa mwenye duka. Hakimu akafunga faili.

"Uko huru. Nenda nyumbani."

"Nyumbani wapi, mheshimiwa?"

Akavua miwani. "Usinianze. Na siku nyingine ukiulizwa unakoenda, taja hata mji wowote."

Nikatoka. Barabarani nikaitoa kadi niifurahie kwenye jua, na hapo ndipo niliposoma sehemu ambayo sikuwa nimeisoma. Penye kituo cha kupigia kura palikuwa pameandikwa gereza.

Nikageuza nikarudi kule kule nilikotoka. Getini nikamkuta afande ninayemfahamu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Leo si siku ya kuona ndugu."

"Sijaja kuona ndugu. Nimekuja kuulizia kura yangu. Siku ya uchaguzi nije saa ngapi?"

"Uje wapi?"

"Humu."

Akaichukua kadi, akaisoma mbele na nyuma, akamwita mwenzake. "Hebu njoo. Huyu anataka kuingia."

"Ana kosa gani?"

"Hana."

"Basi haiwezekani."

"Lakini kituo chake ni humu."

Mwenzake akafikiri kweli kweli, akikuna shingo. "Labda wiki moja kabla ya uchaguzi afanye kosa dogo."

"Dogo sana," yule wa kwanza akaongeza. "Likizidi miezi sita amejiharibia."

Wakacheka mpaka mmoja akaegemea geti. Mimi nilishindwa kucheka. Naona walinionea huruma, maana yule wa kwanza akafuta macho akanirudishia kadi.

"Sikiliza, ndugu yangu. Nenda kahamishe taarifa zako kwenye kituo cha unakokaa. Lakini hapa Mwanza wameshafunga uandikishaji tangu Jumapili. Nasikia Simiyu wanamaliza kesho jioni. Una mtu Simiyu?"

"Sina."

"Inabidi uwe mkazi wa huko. Kwani kura moja ina nini? Si uache tu?"

"Afande, miaka yote nakunywa maji ya visima vilivyochaguliwa na watu wengine," nikasema. "Na vingi vina chumvi."

Akaniruhusu nijaze chupa yangu kwenye bomba la askari.

Kesho yake alfajiri nikapata lori la pumba linalokwenda Lamadi, nikakaa juu ya magunia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa najua ninakoenda na kwa nini, na safari ikawa ndefu ajabu. Ziwa lilikuwa linaonekana upande wa kushoto, linapotea, linarudi, na mimi, ambaye kwa kawaida ningeshuka kila linapoonekana, sikushuka hata mara moja. Pancha mbili zikatuchelewesha. Tulipofika kijiji kimoja kando ya maji, ndani kabisa ya mkoa wa Simiyu, ilikuwa saa tisa alasiri. Kituo kilikuwa shule ya msingi, na kilikuwa kinafungwa saa kumi na mbili.

Waliniingiza kwenye chumba ambacho mlangoni kimeandikwa darasa la sita. Nikaketi kwenye dawati kwa heshima zote.

Mwandikishaji alikuwa binti mwenye kilemba cha kijani. "Unataka kuhamisha taarifa. Sawa. Hapa unakaa wapi?"

"Ndiyo nimefika sasa hivi."

"Nimeuliza unakaa wapi."

"Nitalala gesti."

"Gesti ni malazi, kaka, si makazi. Kwenye daftari lao unaandika utokako na uendako, unalala, unaondoka. Mimi nahitaji mtu anayekaa. Balozi wako wa nyumba kumi ni nani?"

Sikuwa na balozi. Sikuwahi kuwa na balozi mahali popote. Nikampa kadi angalau aone kwamba mimi si wa kubahatisha. Akaitazama, akaisogeza karibu na macho, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Shati hili! Jana kaja mwingine na shati hili hili. Kola imepinda hivi hivi. Na kituo ni hicho hicho cha gereza. Nikadhani ni sare yenu mpya."

Nikainuka kwenye dawati. "Ana mwanya?"

"Mwanya mkubwa. Alikataa kuweka vidole mpaka nikamwonyesha vya kwangu. Anakaa kwa mama yake, pale nyuma ya mashine ya kusaga."

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia namna ile hata nilipokuwa nafukuzwa.

Jamaa wa ng'ombe alikuwa anafunga mbuzi kwenye mti. Aliponiona akashika kichwa kwa mikono miwili, kisha akanikumbatia, mbuzi akapata nafasi akaondoka. Kesi yake ilikuwa imefutwa. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amerudi nyumbani kwa miguu yake, ametoka alikojua yeye, na mwenye ng'ombe aliona aibu siku kumi nzima kabla ya kwenda kusema polisi.

Mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Huyu ni nani?"

"Mama, huyu ni mwenzangu, tulikuwa wote kule… safarini."

"Safari gani yenye kunguni? Mimi mwenyewe nilikuja pale getini mara mbili kukuona." Akanigeukia. "Na wewe kosa lako lilikuwa nini?"

"Niliulizwa ninakoenda, nikasema sijui."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mama."

"Hata mimi ningekukamata."

Nikamweleza shida yangu yote, ile kadi, lile geti, yule binti wa kilemba, na saa inavyokwenda. Alisikiliza huku akikoroga. Akasema kipo chumba cha kuhifadhia pamba, kina magunia sita ambayo hayajaenda mnadani, nikiyasogeza nitapata pa kulala. Kisha akamtuma mwanawe kwa balozi wa nyumba kumi, na mbuzi atafutwe wakati huo huo.

Balozi alikuja kutoka kwa kinyozi, amenyolewa nusu ya kichwa. Alikuwa mzee mnyoofu na hakupenda kuharakishwa.

"Mwadila," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa hiyo unataka niseme wewe ni mkazi wangu."

"Ndiyo, mzee."

"Mpaka lini?"

Jamaa wa ng'ombe alirudi na mbuzi akasimama naye, wote wawili wananitazama. Swali hilo sikuwahi kulijibu kwa mtu yeyote. Hata fundi wa Igoma aliponiuliza nilimwambia tutaona. Nikafikiria barabara ya Musoma, na kwamba mbele yake kuna mahali sijapaona. Nikafikiria nyapara anavyokunja lile shati.

"Mpaka siku ya kura," nikasema.

"Kura bado miezi."

"Najua."

"Nikisema kwa yule binti kwamba wewe ni mkazi, halafu kesho haupo, anayekuwa mwongo ni mimi. Mimi na nywele zangu hizi."

Hakuna aliyethubutu kuzitazama nywele zake.

Mama akaweka mwiko chini. Akachukua begi langu, lile begi ambalo halijawahi kukaa mbali na mkono wangu, akaingia nalo chumbani kwake. Tukasikia sanduku linafunguliwa, linafungwa, na kufuli linabonyezwa. Akatoka na ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Hiyo ndiyo dhamana," akasema. "Balozi, twende. Na mimi ndiye mdhamini."

Tukaenda wanne kwa mwendo wa haraka, balozi mbele na kichwa chake cha pande mbili. Kituoni binti alikuwa ameanza kukunja nyaya za mashine. Alipotuona akakaa tena akazichomeka upya. Balozi akatamka kwamba ananifahamu na kwamba nakaa kwa mama huyu, na aliyatamka kwa ukali, akinitazama mimi badala ya binti. Nikaweka vidole. Nikapigwa picha mpya, safari hii na fulana yangu mwenyewe, yenye vumbi la pumba mabegani. Mtu aliyetoka kwenye ile picha hafanani na mwenye ofisi. Anafanana na mimi. Penye kituo pameandikwa shule ya msingi.

Kadi ya zamani alipaswa kubaki nayo binti. Nilimwomba niitazame kidogo. Mzee wa Kihaya bado yuko kule, upelelezi haujakamilika, na siku ya kura atavaa shati lake atapiga hatua thelathini mpaka kituoni. Nyapara atawapanga foleni. Nikamrudishia binti kadi, nikamwambia asante.

Tuliporudi, jua lilikuwa linaelekea majini. Nikasogeza magunia ya pamba, manne huku, mawili kule, katikati nikatandika mkeka. Chumba kilinukia mbegu. Kulikuwa na dirisha dogo linaloangalia barabara, na nikagundua kwamba ukikaa upande wa pili wa magunia huioni.

Mama akaja mlangoni kuhakikisha sijakalia pamba yake. Balozi alikuwa nyuma yake, anaaga, arudi kwa kinyozi akamaliziwe.

"Haya, mkazi," mama akasema. "Kesho asubuhi unaenda wapi?"

"Sijajua bado," nikajibu, kisha nikashtuka, nikamtazama balozi.

Balozi naye akamtazama mama.

"Kama hujajua," mama akasema, "jembe liko nyuma ya mlango."